Gari ni nyumba au ni barabara? Historia ya moshi, vepu na usukani

Angalia chini ya redio ya gari lolote lililotoka Japani likashushwa bandarini Malindi. Kuna tundu la mviringo ambalo siku hizi kila mtu analijua kama pahala pa kuchaji simu. Tundu hilo halikutengenezwa kwa ajili ya simu. Lilikuwa la kuwashia sigara: unasukuma kijiti ndani, waya wake unapata moto mpaka unakuwa mwekundu, unakichomoa, dereva anawasha sigara yake na safari inaendelea. Pembeni palikuwa na kisahani cha majivu, na magari mengi ya zamani yalikuwa na kingine nyuma kwa ajili ya abiria. Yaani watengenezaji wa magari waliujengea uvutaji chumba chake humo humo ndani. Na leo kuna vijana wanaochaji vepu kwenye tundu lile lile.

Sasa swali la leo, ambalo linaonekana dogo: mtu anayevuta vepu, au sigara ya kielektroniki kama wanavyoiita kwenye maandishi, huku anaendesha gari kutoka Darajani kwenda Nungwi, anavunja sheria? Ukikimbilia kufungua kitabu cha sheria na kutafuta neno "vepu", utakwama mapema sana. Ndiyo maana nataka tulijibu kwa historia. Sheria za moshi ndani ya gari, popote zilipotungwa, zimekuwa zikizunguka swali jingine la zamani zaidi: gari ni nyumba ya mtu, au ni sehemu ya barabara?

Kiko hakiendeshwi

Tumbaku si mmea wa kwetu. Imetoka Amerika, ikavuka bahari kuanzia karne ya 16, na ilipofika pwani yetu ikapata chombo chake: kiko. Kamusi za zamani za Kiswahili zimehifadhi msamiati mzima wa kitu hiki. Bori ni kile kibakuli cha juu kinachowekwa tumbaku na kaa la moto, digali ni mrija unaoshuka kwenye maji, na ile sauti ya maji yakibubujika mtu anapovuta ina jina lake pia, malio. Lugha haitoi jina kwa sauti ya kitu ambacho watu hawakai nacho kwa utulivu. Kiko kilikuwa cha mtu aliyekaa, na aghlabu aliyekaa na wenzake. Hukitembezi Mkunazini, seuze kukipandia punda.

Sigara ndiyo iliyovunja utaratibu huo. Mashine ya kusokota sigara ya Mmarekani James Bonsack, ya mwanzoni mwa miaka ya 1880, iliifanya sigara kuwa rahisi na nyingi. Ukiongeza kiberiti cha mfukoni, mvutaji amepata miguu. Gari lilipokuja likampa na kiti. Vepu imeondoa hata kiberiti. Ukiitazama hivi, historia ya kuvuta ni historia ya mtu anayezidi kuwa huru kuvuta huku anafanya jambo jingine, na sheria imekuwa ikimfuata nyuma kila mara, ikihema.

Sheria za mwanzo kabisa dhidi ya tumbaku hazikujali mapafu ya mtu. Waliotawala Unguja tangu Seyyid Said walikuwa Maibadhi, na wanazuoni wa Kiibadhi kwa muda mrefu wamekuwa wakali juu ya tumbaku. Huko Oman kwenyewe, zama za Sultani Said bin Taimur aliyetawala kuanzia 1932 hadi 1970, kuvuta sigara hadharani Muscat kulikuwa marufuku. Zingatia neno hadharani. Alichovuta mtu ndani kwake, mlango umefungwa, hilo lilikuwa baina yake na Mola wake. Sheria ilisimama kizingitini.

Mantiki hiyo bado tunaishi nayo. Mchana wa Ramadhani hapa Unguja, polisi wamewahi kukamata watu kwa kula hadharani. Hebu fikiria mtu anayevuta sigara mchana wa Ramadhani ndani ya gari lake, vioo vimeshushwa, kwenye foleni ya Mwanakwerekwe. Yuko ndani au yuko hadharani? Mji Mkongwe una jibu la kijenzi kwa maswali ya namna hii, nalo ni baraza: kile kibao cha mawe nje ya mlango, ambacho ni cha mwenye nyumba lakini mpita njia anakaa bila kubisha hodi. Gari ni baraza linalotembea.

2003

Kuna mwaka mmoja katika hadithi hii ambao ningependa uukumbuke.

Tarehe 21 Mei 2003, nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani ziliupitisha Mkataba wa Udhibiti wa Tumbaku. Ibara yake ya 8 inazitaka nchi ziwakinge watu na moshi wa tumbaku sehemu za kazi za ndani, sehemu za umma za ndani, na kwenye usafiri wa umma. Mwaka huo huo Tanzania Bara ikapata sheria yake ya kudhibiti bidhaa za tumbaku. Mwaka huo huo Zanzibar ikapata Sheria ya Usafiri wa Barabarani, Namba 7 ya 2003. Mwezi Desemba, Uingereza ikaanza kuwakataza madereva kushika simu ya mkononi. Na huko China, mfamasia aitwaye Hon Lik akasajili hataza ya kifaa chenye betri kinachomfikishia mtu nikotini bila kuchoma kitu. Mwaka uliofuata kikaanza kuuzwa.

Hon Lik hakuwa wa kwanza kuwaza hivyo, kwa haki. Mmarekani Herbert Gilbert alipata hataza ya sigara isiyo na moshi mwaka 1965, lakini haikuingia sokoni. Kilichofanikiwa ni cha 2003. Maana yake sheria zote nilizozitaja hapo juu ziliandikwa na watu ambao hawakuwahi kuona vepu hata moja. Huwezi kuwalaumu. Lakini sheria zao ndizo tunazozitumia.

Ona pia ule mkataba unavyoligawa gari. Usafiri wa umma umo. Gari la mtu binafsi halimo kwa jina. Daladala namba 502 ya Bububu ni sehemu ya watu wote, hakuna ubishi, na konda akiwasha sigara mlangoni abiria wana haki ya kulalamika. Lakini Vitz ya baba Fulani, iliyobeba watoto wanne wa majirani kuwapeleka skuli, imebaki kuwa sebule yake.

Mtoto kiti cha nyuma

Mlango wa sebule hiyo ulifunguliwa na mtoto. Januari 2007 mji mdogo wa Bangor, jimbo la Maine, Marekani, ulianza kuwatoza faini wanaovuta ndani ya gari lenye mtoto. Jimbo la Australia Kusini likafanya hivyo mwaka huo huo, na California kuanzia Januari 2008. Upande wetu wa dunia haukuchelewa. Mauritius mwaka 2009 ilikataza kuvuta ndani ya gari binafsi lililobeba abiria, na Afrika Kusini mwaka huo huo ikakataza kuvuta kwenye gari lenye mtoto wa chini ya miaka 12. Falme za Kiarabu nazo zikaweka mstari kwenye miaka hiyo 12, kwa kanuni zilizoanza 2014, kwa hiyo ndugu zetu wengi walioko Dubai wanaishi chini ya sheria hii bila hata kuifikiria. England ilifika 2015, kwa watoto wa chini ya miaka 18, na Italia 2016, ikiongeza na mama mjamzito. Ukimwona Mtaliano anavuta ndani ya gari la kukodi kule Kiwengwa na mwanawe nyuma, ujue kwao angelipishwa.

Hapa kuna kisa ambacho kila anayesoma sayansi anapaswa kukijua. Kwenye kampeni za sheria hizi ilikuwa ikitajwa namba moja ya kutisha: eti moshi wa sigara ndani ya gari una sumu mara 23 zaidi kuliko ndani ya nyumba. Namba ikasafiri. Madaktari wakaitaja, wabunge wakaitaja, magazeti yakaichapa. Mwaka 2010 watafiti wawili, Ross MacKenzie na Becky Freeman, wakaamua kuifuata mpaka kwao. Walichoandika katika jarida la chama cha madaktari wa Kanada ni kwamba hawakukuta utafiti wowote nyuma yake. Njia iliishia kwenye habari ya gazeti moja la Denver ya mwaka 1998. Basi.

Cha kuudhi ni kwamba namba ile haikuhitajika. Ushahidi halisi ulikuwepo na unatosha. Moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati yao zinajulikana kusababisha saratani. Chumba cha gari ni kidogo sana ukilinganisha na sebule, kwa hiyo sigara moja inakijaza haraka, na kufungua kioo kidogo hakuutoi moshi wote. Mtoto anavuta pumzi nyingi zaidi kwa dakika kuliko mtu mzima, na hawezi kusema "nishushe hapa". Sheria zilikuwa sahihi, ila namba iliyozipamba ilikuwa ya uongo, na wapinzani wake walipoligundua hilo walipewa fimbo ya bure.

Kwa kucheka kidogo: sheria ya England inaliacha gari lililofunguliwa paa lote. Madirisha wazi hayatoshi, lazima paa liondoke kabisa. Nikiisoma sheria hiyo huwa nayafikiria yale magari yetu ya shamba yenye bodi la mbao na pande zilizo wazi, na paa juu la kuwekea magunia na matenga. Wanasheria wa London wangelumbana siku nzima kama lile ni gari lililofungwa au lililo wazi.

Wingu si mvuke

Vepu inaharibu hesabu hii kwa sababu haichomi. Ndani yake kuna kimiminika, kwa kawaida mchanganyiko wa propilini glaikoli na gliserini, ladha, na mara nyingi nikotini. Betri inapasha koili, kimiminika kinageuka mvuke, kisha mvuke unapoa na kuwa matone madogo mno. Kinachotoka mdomoni kinafanana zaidi na ukungu kuliko na mvuke wa birika, na ukungu huo una chembe na nikotini ndani yake. Kwa aliyekaa pembeni, sumu anayoipata ni ndogo kuliko ya moshi wa sigara, na wingu hutoweka upesi zaidi. Lakini hiyo "ndogo" haina maana ya hakuna.

Sheria ya England inasema kuvuta ni kuwa na kitu kilichowashwa moto. Vepu haijawashwa moto, kwa hiyo sheria ile ya 2015 ya watoto ndani ya magari haikuigusa. Mzazi anapigwa faini kwa sigara na kuachwa kwa vepu, ndani ya gari lile lile, na mtoto yule yule. Uganda walikwenda njia nyingine. Sheria yao ya kudhibiti tumbaku ya 2015 iliiweka sigara ya kielektroniki pamoja na shisha katika marufuku, na Ethiopia ikafuata 2019. Ukipiga marufuku kifaa chenyewe huna haja ya kuuliza kinavutwa wapi. Ila sheria ya namna hiyo ina gharama yake: biashara inahamia chini ya meza.

Barabara nayo ina hoja yake, na hapa ndipo vepu inapoizidi sigara kwa ubaya. Matone ya wingu la vepu yana ukubwa wa chini ya elfu moja ya milimita, yaani yanakaribiana na urefu wa mawimbi ya mwanga. Chembe za ukubwa huo zinatawanya mwanga vizuri sana, ndiyo maana wingu linaonekana jeupe. Mchana ni kero tu. Sasa chukua usiku, chini ya miembe ya Bi Khole kule Bungi, giza totoro, na gari linakuja mbele yako na taa kali. Dereva akipuliza wingu sekunde hiyo, mwanga wa taa zile unatawanyika mbele ya macho yake na kioo kizima kinakuwa cheupe.

Halafu kuna mkono na jicho. Utafiti mkubwa wa Virginia Tech uliotolewa 2006, ambao ulifunga kamera ndani ya magari ya watu wa kawaida, ulikuta kwamba kuondoa macho barabarani kwa zaidi ya sekunde mbili kunaongeza maradufu hatari ya ajali au ya kunusurika chupuchupu. Sekunde mbili kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni mita 28. Kwa kilomita 80 ni mita 44. Muda wa kutafuta vepu iliyoangukia chini ya kiti ni mrefu kuliko huo. Mwongozo wa madereva wa Uingereza unaitaja sigara kwenye orodha moja na kula, kunywa na kusoma ramani: vitu vinavyomtoa dereva kwenye kazi yake. Vepu inaingia humo bila kutajwa.

Kifaa kimoja, wenyewe wengi

Turudi kwa dereva wetu wa Nungwi. Askari wa usalama barabarani amemsimamisha Mahonda. Jeshi la Polisi ni jambo la Muungano, kwa hiyo askari huyo na mwenzake wa Morogoro wanavaa sare nyeupe ile ile. Lakini sheria ya barabarani aliyoishika mkononi ni ya Zanzibar, ile Namba 7 ya 2003, na si ile ya Bara ya 1973. Afya nayo si jambo la Muungano, ndiyo maana sheria ya tumbaku ya Bara haikuvuka bahari: anayetunga sheria za afya za Unguja na Pemba ni Baraza la Wawakilishi, pale Chukwani. Ushuru wa forodha, kwa upande mwingine, ni wa Muungano. Mambo ya nje pia ni ya Muungano, na ule mkataba wa tumbaku uliridhiwa na Jamhuri ya Muungano tarehe 30 Aprili 2007. Ahadi ikatolewa kwa jina la wote, utekelezaji ukagawika.

Askari wetu, basi, ana nini? Ana kosa la kuendesha bila uangalifu, ambalo limo katika kila mila ya sheria ya barabarani iliyoachwa na Waingereza. Halihitaji neno vepu. Linahitaji ushahidi kwamba dereva hakuwa makini: aliyumba, aliachia usukani, wingu lilimziba. Polisi wa Uingereza wenyewe wamewahi kuwatahadharisha wavuta vepu kwa kosa hili hili.

Lakini kosa la uangalifu linailinda barabara peke yake. Yule dereva mtulivu, anayeshika usukani vizuri na kupuliza wingu lake taratibu huku watoto wanne wako nyuma, hana kosa chini yake. Ameendesha vizuri kabisa. Hapo ndipo naona sheria ya barabarani haitoshi, na ndipo hoja ya mtoto inapohitaji maneno yake yenyewe, ndani ya sheria ya afya, yakitaja gari binafsi na yakitaja vepu. Zanzibar haina haja ya kusubiri Bara. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku hapa 2006, na Bara ikafuata 2019.

Kwa upande wa maneno, Kiswahili kina bahati ambayo Kiingereza hakina. Kiingereza kina kitenzi cha moshi, kwa hiyo kilipokuja kifaa kisicho na moshi ilibidi watafute kitenzi kipya, na sheria zao zote za zamani zikabaki upande wa pili. Sisi tunasema kuvuta. Kuvuta hakuna moto ndani yake wala moshi, kuna pumzi tu. Mtu huvuta kiko, huvuta sigara, huvuta shisha, na vepu ilipofika hakuna aliyejiuliza aiseme vipi. Kifungu kinachosema mtu asivute ndani ya gari lenye mtoto tayari kimeikamata.

Kimekamata na zaidi, bahati mbaya. Tumbaku ya kunusa nayo watu husema wanaivuta. Mwandishi wa muswada atakayeacha neno hilo peke yake, bila kulifafanua, atakuwa amempiga faini bibi wa Makunduchi aliyekaa kiti cha nyuma na kopo lake la ugoro, asiyemsumbua mtu ila kwa chafya.